Apolinaria na Pete ya Moshi

Wifi yangu Apolinaria aliugua ndui akiwa mtoto mdogo kule Usinge, na ndui ikamwachia uso wenye vishimo kama mchanga ulionyeshewa mvua ya kwanza. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Mtu akimkodolea macho sokoni alimwambia, "Tazama vizuri, ukimaliza unipishe." Na huyo ndiye aliyewaondolea watu wa Tabora madoa usoni kwa miaka mingi, wala simjui aliyemfikia kwa kazi hiyo.

Hakuwa mganga. Alifanya kazi katika studio ya picha ya Mzee Rasiklal, hapa Kanyenye. Mumewe alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa Kigoma, akaoa huko, basi. Mimi na mume wangu Marko, ambaye ni kaka yake, tukampa chumba cha uani. Studio alianza kwa kufagia. Mke wa Mzee Rasiklal ndiye aliyekuwa akirekebisha picha, na Apolinaria akifagia alikuwa akichungulia. Mama yule alipofariki, mzee alikaa na kazi za watu mezani hajui pa kuanzia, ndipo Apolinaria alipoweka ufagio chini akasema, "Nipe ile ya mwalimu, nijaribu."

Siku hizo picha ilianzia kwenye negativu, kile kipande cha filamu ambacho cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Apolinaria aliiweka juu ya kioo chenye taa chini yake, mkono wa kushoto ameshika lenzi, wa kulia penseli iliyochongwa ikawa kali kama mwiba. Palipopungua alijaza kwa penseli. Palipozidi alikwangua kwa ncha ya wembe, polepole, amebana pumzi. Bibi harusi aliyeingia na chunusi alitoka na uso kama yai.

Mara moja alikuja mzee wa kwao Usinge kupiga picha ya kuwapelekea wanawe. Alipopewa bahasha akaitoa picha, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi? Chale zangu ziko wapi? Baba yangu alinichanja hizi nikiwa nalia. Wewe umezila?"

"Nimekutoa kijana, baba. Mama akiiona hiyo ataolewa upya."

"Ataolewa na huyu wa kwenye karatasi! Nirudishie chale zangu."

Studio nzima ilicheka, lakini chale hazikurudi, maana kilichokwanguliwa kwenye negativu kimekwisha. Mzee yule ikabidi akae kwenye kiti apigwe upya. Alipoondoka Mzee Rasiklal akasema, "Apolinaria, siku nyingine uliza kwanza."

"Nimuulize mtu kama anataka kupendeza?"

Naye mzee akacheka tu. Alimwamini. Palikuwa na desturi pale studio: bahasha ikishafungwa na Apolinaria, Mzee Rasiklal haifungui. Anayeifungua ni mwenye picha. Apolinaria alijivunia jambo hilo kuliko mshahara.

Sasa niseme habari za darubini. Mzee Rasiklal alizaliwa hapahapa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa. Padri mmoja Mzungu wa seminari ya Kipalapala, aliporudi kwao kwa uzee, alimwachia darubini yake. Lilikuwa bomba jeupe la bati, nene, linalomfika mtu mzima kifuani likisimamishwa, na chini yake kuna kioo cha mviringo kinachokusanya mwanga. Fundi mmoja wa reli alimtengenezea mguu wa chuma wenye skrubu ya pembeni. Ukiizungusha skrubu ile polepole, bomba linaifuata nyota, kwa sababu nyota hazitulii, zinatembea kama sisi. Mzee aliitega uani kwake mara giza lilipoingia. Uani pale palitazama njia ya zamani ya misafara, na Apolinaria alipenda kumtania.

"Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa hadi pwani," alimwambia, "akajua alfajiri imekaribia kwa kutazama juu. Hakuhitaji bomba."

"Babu yako aliiona nyota. Mimi nataka kuona nyota iliyokufa."

Ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Kiangazi, upande wa kaskazini, kuna nyota kubwa nyeupe, na juu yake kidogo, alisema, kuna nyota iliyozeeka ikafa. Ilipokuwa inakufa iliitoa pumzi yake, na pumzi ile imeizunguka kama pete ya moshi. Waliogundua vitu vya namna hiyo zamani waliona mviringo wakafananisha na sayari, wakaviita nebula za sayari, na jina likabaki hivyo. Lakini sayari haimo. Ni moshi mtupu.

Nami nilitazama. Niliona kitu cha kijivu, hafifu sana, kama moshi wa sigara uliopulizwa na mtu mwenye mawazo mengi. Ukikikazia macho kinatoroka, ukitazama pembeni kinarudi. Baada yangu akatazama Apolinaria.

"Ndiyo hiyo tu, mzee? Nilidhani ya dhahabu."

"Kwenye picha itaonekana zaidi. Filamu ina subira kutushinda sisi."

Subira ndiyo iliyotakiwa kweli. Kuipiga picha ile si kubofya na kuondoka. Kamera inafungwa nyuma ya bomba na kuachwa wazi muda mrefu, na muda wote huo mtu anakaa jicho lake kwenye darubini ndogo ya pembeni yenye nyuzi mbili zilizopishana, nyota moja iko kwenye njia panda ya nyuzi, naye anazungusha skrubu kidogo kidogo nyota isitoke pale. Lori likipita barabarani, imeharibika. Ukipiga chafya, imeharibika. Viangazi kadhaa mzee alitoa picha ambazo nyota zake zilivutika kama mende waliokanyagwa, na pete haimo. Mvua zikianza anafunika bomba kwa turubai, anangoja mwaka mwingine.

Ukafika mwaka wa sabini na mbili. Wahindi wa Uganda waliambiwa wafungashe waondoke, na Usha, binti pekee wa Mzee Rasiklal, alikuwa ameolewa Kampala. Barua zake zikakoma. Mzee aliacha kula chakula cha mchana. Kila treni ya Mwanza ilipoingia alivaa kofia akaenda stesheni kuulizia kama kuna mtu aliyetoka huko, mwenye habari yoyote. Nyumba yenyewe iliyokuwa na studio, aliyoachiwa na baba yake, ilikuwa imekwisha kutaifishwa, akawa mpangaji mlemle alimozaliwa. Hakulalamika mbele yetu. Alikuwa raia, na kadi yake aliitunza kwenye kasha la lenzi. Jioni alitega bomba lake. Nadhani ndiko alikopumzikia, ingawa huko nako alikuwa akitazama kaskazini.

Mwezi wa tisa ndege za Uganda zikadondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Hapo hata sisi wa Tabora tukajifunza kuogopa anga. Ndege ya kawaida ikipita, akina mama walikusanya watoto ndani. Na bomba la Mzee Rasiklal, ambalo kila mtu Kanyenye alilizoea, likaanza kuonekana vingine. Mwanza iko kaskazini. Uganda iko kaskazini. Bomba nalo linaelekea wapi?

Jioni moja nilikuwa pale uani nimempelekea Apolinaria uji wa mtama. Akaingia balozi wetu wa nyumba kumi, Silasi, na nyuma yake Masolwa wa mgambo amebeba bunduki.

"Shikamoo, mzee," alisema Masolwa, ambaye picha ya harusi yake ilitoka studio ile.

"Tumekuja kikazi, shikamoo ya nini?" Silasi akamkemea.

"Marahaba, Masolwa. Karibuni chai."

"Chai baadaye. Hilo bomba linatazama wapi?"

"Nyota, ndugu balozi."

"Nyota ziko kila upande. Kwa nini kaskazini?"

"Ninayoitaka iko kaskazini."

"Na binti yako yuko wapi?"

"Kampala."

"Nayo iko upande gani?"

Apolinaria akaweka bakuli la uji chini. "Silasi, mama yako yuko Kigoma. Tukukamate kila ukitazama magharibi?"

"Wewe mwanamke, sikusema na wewe."

"Ndiyo, umesema na mtu aliyekuzidi umri bila hata kumwamkia."

Masolwa alitazama viatu vyake. Silasi hakuwa mtu mbaya, niseme kweli. Alikuwa na ndugu Mwanza, na siku zile hakuwa amepata usingizi. Aliamuru bomba lichukuliwe likafungiwe stoo ya tawi la chama, na Masolwa akalibeba mikononi kama mtoto mwenye homa, mzee akimfuata nyuma: "Polepole, Masolwa, lina kioo ndani. Polepole, baba."

Kisha mzee akasema neno lililotuponza baadaye. "Picha yenyewe nimeipiga jana. Imo kwenye kamera, haijaoshwa. Nikiwaonyesha pete yenyewe, mtaamini?"

"Kamati inakaa Jumapili," Silasi alisema. "Lete hiyo pete. Kama ipo, utachukua bomba lako. Kama haipo, suala linakwenda kwa wakubwa."

Mwaka ule mtu akipelekwa kwa wakubwa kwa jambo la usalama, nyumbani kwake hawakujua atarudi lini. Kwa hiyo sote tulielewa: Mzee Rasiklal ana picha moja tu ya kumsemea.

Jumamosi alijifungia chumba cha giza peke yake. Alitoka ameshika filamu inayodondoka maji, na machozi yanamtoka.

"Imekaa, Apolinaria! Imekaa!"

Akaining'iniza kwenye uzi kwa kibanio, akaitazama, akaenda mbali, akarudi kuitazama. Alikuwa bado anaitazama aliposikia filimbi ya treni ya Mwanza. Akaruka kuchukua kofia.

"Ikikauka ichape, kubwa. Iwe safi. Kesho inatazamwa na kamati." Akatoka mbio, mtu wa umri ule.

Ilipokauka Apolinaria akaiweka juu ya kioo chenye taa, akashika lenzi. Nyota zilikuwa nukta nyeusi za duara, nzuri, hakuna iliyovutika. Akaitafuta pete. Kwenye bomba aliiona kubwa, ya kutosha kuvaa kidole, basi aliitafuta kubwa vilevile. Hakuiona. Mzee hakumwonyesha ilipo, maana kwake yeye mzee ilikuwa inapiga kelele. Alichokiona Apolinaria katikati pale ni kidoa kidogo kuliko mbegu ya mchicha, kimekolea pembeni na kufifia katikati, sawasawa na alama inayoachwa na tone la maji likikauka juu ya filamu. Na filamu ile ilining'inizwa ikiwa inadondoka. Madoa ya namna hiyo alikuwa ameyatoa kwenye mashavu ya watu maisha yake yote.

Akabana pumzi. Akachukua wembe.

Usiku alirudi nyumbani amechangamka. "Wifi," aliniambia tukiosha vyombo, "sikuiona hiyo pete yake, labda ni nyota zenyewe zilivyokaa, mimi sijui. Lakini picha ya mzee imetoka safi kuliko uso wa bibi harusi." Mzee alirudi kutoka stesheni bila habari za Usha, akaikuta bahasha imefungwa mezani, na kwa desturi yao hakuifungua.

Jumapili baada ya Misa tukakusanyika kwenye ua wa tawi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Yoramu, mwashi mstaafu, mtu wa kanisa la Moraviani, mpole lakini hapindiki. Alichana bahasha akaitazama picha. Akampa Silasi. Silasi akaitazama, akainua kichwa.

"Pete iko wapi?"

"Katikati," Mzee Rasiklal alisema.

"Katikati kuna giza."

Mzee akaipokea. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ilikuwa hapa." Akageuka. "Apolinaria, kale kadogo ka katikati..."

"Doa la maji, mzee? Nimelitoa."

Alilisema kwa sauti yake ya kazini, ya mtu anayengoja kusifiwa. Kisha akalisikia mwenyewe. Nikaona uso wake ule wa ndui unavyobadilika, na sitaki kuueleza zaidi.

Akasimama. "Ndugu mwenyekiti, pete ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeikwangua kwa wembe. Nilidhani ni uchafu. Mzee hana kosa lolote."

Alifikiri ukweli utamwokoa mzee. Silasi aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mmesikia! Kulikuwa na kitu kwenye picha, na kimefutwa! Jana tu!"

"Nimefuta doa!"

"Doa au kambi? Doa au daraja la reli?"

"Silasi, angani kuna daraja?"

Watu walicheka, halafu wakaacha wote kwa pamoja, kwa sababu kila mtu alikumbuka Mwanza. Kadiri Apolinaria alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Alieleza habari za tone la maji, wakamwuliza kwa nini atoe doa kwenye picha ya ushahidi. Alisema ndiyo kazi yake, wakamwuliza kafuta picha ngapi nyingine.

"Mama Apolinaria," Mzee Yoramu akasema, "kazi yako tunaijua. Hata mimi ulinitoa kovu la kwenye paji. Lakini leo umefuta kilekile tulichokiitia mkutano. Tuseme nini sisi?"

Mzee Rasiklal hakujitetea. Alikuwa bado ameishika ile picha, akasema kama anajisemea, "Ilikuwa imekaa."

Silasi akataka suala liende kwa wakubwa Jumatatu asubuhi. Hapo Apolinaria akaenda kusimama mbele ya meza, karibu sana, mpaka Masolwa akasogea.

"Bomba liko stoo kwenu. Litoeni. Jioni ya leo tulitege hapahapa uani kwenu, bunduki ya Masolwa ikiwa mgongoni kwetu, tupige nyingine. Balozi aingie nasi chumba cha giza aone kwa macho yake. Isipotoka, mnipeleke mimi pamoja naye."

"Mawingu yanakuja," Mzee Rasiklal alisema taratibu. "Hii moja ilinichukua miaka, Apolinaria."

"Najua, mzee."

Mzee Yoramu akasema litolewe.

Jua lilipozama kulikuwa na moshi wa mashamba yaliyochomwa, na mashariki mawingu ya kwanza ya vuli yalikuwa yamejipanga. Mzee aliitega darubini, akaelekeza juu ya ile nyota kubwa nyeupe. Kwanza alimwita mwenyekiti. Mzee Yoramu alivua kofia kama anaingia kanisani, akainama.

"Eee," alisema. "Kama moshi wa kiko changu."

Silasi naye akatazama, muda mrefu. "Sioni kitu."

"Balozi," Masolwa alisema, "umefumba lile jicho ulilopaswa kufumbua." Watu wakacheka, na Silasi akaondoka kwenye bomba bila kutazama tena. Niliogopa. Nilijua kicheko kile kitalipwa.

Kamera ikafungwa. Lakini mikono ya Mzee Rasiklal ilikuwa haijaacha kutetemeka tangu asubuhi. Alishika skrubu, nyota ikakimbia kwenye nyuzi. Akashika tena, ikakimbia tena. Apolinaria akamwondoa mkono polepole, akakaa yeye kwenye sanduku, akaweka jicho. Mzee aliinama sikioni mwake akamwambia, kushoto, kidogo, iache, kidogo tena. Vidole vile vilivyozoea wembe vilizungusha skrubu, na amebana pumzi vilevile. Hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Masolwa aliegemeza bunduki ukutani akaziba mdomo kwa kiganja asije akakohoa. Mahali fulani mbwa alibweka na mimi nikamlaani kimoyomoyo. Nilitazama mawingu yakila nyota za mashariki, moja moja, yakitujia, mpaka mzee akafunika mdomo wa bomba kwa kofia yake.

"Basi. Kilichoingia ndicho hicho."

Tukaenda wote studio. Walioingia chumba cha giza ni watatu, na sisi wengine tulisikiliza mlangoni. Tulimsikia Silasi akikohoa kwa harufu ya dawa, na Apolinaria akipiga kelele, "Usiwashe kiberiti, balozi! Unataka kutuua?" Kisha maji. Walipokuja kututolea picha ilikuwa bado imelowa.

Ilikuwepo. Ndogo, hafifu, imelala upande kidogo, lakini pete. Nyota zilikuwa zimevutika kama punje za mpunga. Filamu ilivutwa kwa haraka kwenye kamera, basi mchubuko mweupe ulikata kutoka kona hadi kona, na vumbi lilitapakaa kila mahali.

"Hii ndiyo?" Mzee Yoramu aliuliza.

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na huu mstari?"

"Mchubuko tu."

Silasi akaichukua akaisogeza kwenye taa. Alikuwa ameiona ikitokea kwenye sahani ya dawa, pasipo na kitu mpaka penye kitu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi utoe huo mchubuko, mama, na haya mavumbi. Inakwenda kwenye faili, ipendeze."

Apolinaria aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Siigusi," alisema.

Ikaenda na mchubuko wake. Suala likafungwa, Mzee Rasiklal akalala nyumbani kwake. Nakala ya pili Apolinaria akaiweka kwake chumbani. Darubini walisema ibaki stoo mpaka hali itulie, na hali ilipotulia stoo ilikuwa imehamishwa, bomba halikuonekana. Miaka ya baadaye mtu mmoja aliniapia kwamba alikiona kile kioo kwa kinyozi wa sokoni, watu wanatazamia ndevu.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha ya wifi yangu hayakuishia hapo. Mzee hakumgombeza hata siku moja. Alimwamkia vilevile, alimwekea chai vilevile. Ila tangu wiki ile, Apolinaria akishafunga bahasha, mzee aliifungua. Aliifungua taratibu, akatazama, akaifunga tena, akampa mteja. Pengine hakujua kama anafanya hivyo mbele yake.

"Angenipiga," Apolinaria aliniambia, "ningelia siku moja nikanyamaza."

Naye akabadilika. Kila mteja akamwuliza, "Nitoe au niache?" Watu hawakulipenda swali hilo. Bibi harusi anaulizwa mbele ya mawifi zake kama chunusi zitolewe! Wengine wakahamia studio nyingine.

Barua ya Usha ilifika hatimaye, kutoka Uingereza, kwenye kambi ya wakimbizi, yeye na watoto wako salama. Kiangazi kilichofuata Mzee Rasiklal akaamua kumfuata. Alisema amechoka kwenda stesheni kupokea watu wasiokuja. Tulimsindikiza stesheni mimi na Apolinaria. Apolinaria alikuwa ametia ile picha yenye mchubuko kwenye fremu, ameifunga kwa khanga, akampa dirishani.

Mzee aliifungua, akaitazama, akamrudishia.

"Hii ni yako. Uliipiga wewe."

Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi nyeupe iliyokunjwa, na ndani yake ile negativu ya kwanza. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona nyota za duara, na katikati mahali palipokwanguliwa, peupe, papana kama kichwa cha pini.

"Mzee, hiyo imeharibika," Apolinaria alisema. "Ya nini?"

"Hii ndiyo iliyokuwa nzuri, Apolinaria."

Hakuisema kwa hasira. Aliirudisha mfukoni, akatushika mikono wote wawili, akatuombea heri. Treni ikaondoka.

Njiani kurudi Kanyenye wifi yangu aliniuliza, "Amenisamehe au hajanisamehe?" Nikamwambia amekusamehe, hukuona alivyokushika mkono? Mwaka uliofuata watu walihamishiwa vijijini, naye Apolinaria akarudi kwao Usinge, akalima tumbaku na wenzake katika kijiji kipya, wala hakushika tena negativu. Picha aliitundika ukutani. Nilipokwenda kumtembelea, hata miaka mingi imepita, tukishakula na watoto wakishalala, aliitazama akaniuliza tena lilelile, amenisamehe au hajanisamehe. Nilimjibu vilevile kila mara. Nilimjibu vilevile hata juma lile alilofariki, na mpaka leo sijui kama nilimwambia kweli.